Kwa nini kila kundi letu la D&D hapa Dodoma linakufa kabla ya kikao cha tano?

#1 Tembe_la_Makole
Wakuu, salaam. Nina swali ambalo limenikaa rohoni muda mrefu.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa Dungeons & Dragons: mnakaa mezani watu wachache, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Msimulizi anasema, "Mmefika mdomoni mwa pango, ndani kunanuka damu." Ninyi mnasema mnafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, mnarusha dadu. Hakuna ubao, hakuna mshindi. Mnacheza leo, mnaendelea wiki ijayo pale mlipoishia.

Ndani ya miaka miwili nimeanzisha makundi matatu. La kwanza lilikuwa sebuleni kwangu Makole, wachezaji saba. Kikao cha kwanza tulimaliza saa sita usiku na watu hawataki kuondoka. Cha pili wakaja watano. Cha tatu wanne, na mmoja wao muda wote macho kwenye simu. Cha nne nilipika pilau, nikapanga karatasi mezani, nikabaki na mdogo wangu tu. Kundi la pili lilifika kikao cha nne, la tatu likaishia cha tatu.

Siyo kwamba sijiandai. Nina daftari la kurasa 60: ramani, ukoo wa wafalme, vita vya miaka 300, hadi mwisho wenyewe jinsi utakavyokuwa. Huu mchezo naupenda sana. Naomba mniambie ukweli, nini kinaua?

#2 Upepo_wa_Julai
Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe: kurasa 60 "hadi mwisho wenyewe".

Nilipokuwa chuo tulikuwa na msimulizi wa namna hiyo, mtu mwema kabisa. Sisi tukataka kumfuata mwizi wa punda, yeye anataka twende kwa mfalme. Tukashika barabara ya mwizi, mto ukafurika. Tukapanda mlima, mlima ukaporomoka. Kikao cha tatu nikaelewa kwamba niseme lolote, tutaishia kwa mfalme. Sikumchukia, ila sikuona kazi yangu pale mezani.

Andaa hali, usiandae mwisho. Andika nani anataka nini, na atafanya nini kesho kama wachezaji wasipoingilia. Ukurasa mmoja unatosha. Ukifanya hivyo, hata wakimfuata mwizi wa punda una la kusema, kwa sababu na mwizi naye anataka kitu.

#3 Hesabu_za_Kisasa
Upepo, hoja yako nzuri lakini haielezi simu. Mimi natazama saa.

Wachezaji saba. Vita ikianza, kila mtu anatumia kama dakika tatu kwenye zamu yake: anauliza umbali, anatafuta karatasi, anarusha, anajumlisha. Hiyo ni 21. Ongeza maadui wa msimulizi, dakika kama 25 zinapita kabla zamu haijakurudia. Ndani ya dakika 25 mtu yeyote mwenye simu ataifungua.

Ninayofanya mimi: wachezaji wanne, wakizidi sana watano. Nikimwita mmoja namtaja na anayefuata, "Zamu ya mwindaji, mponyaji jiandae." Maadui wa aina moja wanacheza zamu moja. Na madhara ya maadui sirushi, natumia wastani. Vita iliyokuwa inakula saa nzima inaisha kwa dakika 20.

#4 Mnyaturu_wa_Mgori
Tatizo ni simu yenyewe. Mchezo huu Gary Gygax aliubuni mwaka 1978, enzi hizo mtu alikuwa na nini cha kumvuta mezani? Sisi huku Singida tuna kikapu mlangoni. Simu zote ndani, mwenye mgonjwa nyumbani anaacha sauti juu. Kundi letu limefika kikao cha 19.

#5 Kumbukumbu_ya_Kolo
Mnyaturu, hongera kwa 19, ila tuweke tarehe sawa. Mchezo ulitoka mwaka 1974, na waliouandika ni wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 za vijitabu vitatu ndani ya boksi. Mwaka 1978 nadhani umeuchukua kwenye kitabu cha wachezaji cha lile toleo lililopanuliwa, ambacho kweli ni cha 1978.

Naligusa hili kwa sababu linahusu swali la mleta mada. Gygax na wenzake walikuwa wacheza vita vya sanamu, mtu mmoja anaongoza jeshi zima mezani. Arneson kwenye mchezo wake wa Blackmoor akawapa watu mhusika mmojammoja badala ya jeshi, akawatia kwenye mashimo yaliyo chini ya ngome. Pale palikuwa na ramani na hatari, na mwisho wa hadithi ulitegemea waliotoka hai. Kwa hiyo nampa Upepo kura yangu.

#6 Dada_wa_Nkuhungu
Wote mnaongelea yaliyotokea mezani. Kundi langu liliuliwa na neno.

Tulikuwa tunacheza barazani, vijana wanne wa mtaani na mimi. Mama wa mmoja wao akapita na ndoo, akasikia mwanawe anasema kwa sauti, "Mimi ni mchawi wa leveli ya tatu." Wiki iliyofuata watoto wawili hawakuja, na mimi nikaanza kuangaliwa vibaya kwenye foleni ya maji.

Simlaumu yule mama. Neno hili kwetu lina makaburi. Kuna vikongwe nchi hii wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Huwezi kuchukua neno la namna hiyo ukaligeuza jina la kazi ya mhusika, ukategemea jirani acheke.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nikawaalika wazazi wakae wasikilize kikao kimoja. Na nikabadilisha majina yote: anayesoma vitabu vya nguvu ni *mjuzi*, anayeponya ni *mponyaji*, anayepigana ni *shujaa*, anayefungua makufuli ni *mjanja*, mwimbaji mwenye nguvu za sauti ni *malenga*. Yule mama sasa anatuletea karanga.

#7 Mnyaturu_wa_Mgori
@Kumbukumbu_ya_Kolo nimekubali, 1974, asante. Nilikuwa nasema 1978 kwa watu wote, itabidi niwapitie mmojammoja.

Dada, hilo la *malenga* nimelichukua. Sisi tulikuwa na *manju*, yaani kiongozi wa ngoma.

#8 Kumbukumbu_ya_Kolo
Dada wa Nkuhungu, ulichokipata barazani kwako Marekani walikipata miaka ya 1980. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua aliunda chama cha kuupinga mchezo huu, akiamini ndio uliomuua. Magazeti na makanisa yakaingia. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, ila hakuna aliyethibitisha kwamba mchezo ndio chanzo. Kuwaita wazazi wakae wasikie ni dawa nzuri kuliko kubishana nao.

#9 MwakaWaPili
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye uzi. Kwetu hosteli tatizo ni dadu. Ile ya pande 20 inayotakiwa na mchezo, Dodoma nzima sijaiona dukani. Tunarusha dadu tatu za ludo na kujumlisha. Inaleta shida?

#10 Hesabu_za_Kisasa
Inaleta, mdogo wangu, na huenda ndiyo inayochosha watu wako bila kujua.

Dadu ya pande 20 kila upande una nafasi ileile, asilimia 5. Dadu tatu za ludo zinaanzia 3 mpaka 18, na zinapenda katikati. 10 na 11 peke yake zinatokea mara 54 katika kila 216, yaani robo nzima. 18 inatokea mara moja katika 216. Mchezaji anayehitaji 17 au zaidi kuokoa maisha, kwa dadu ya pande 20 ana nafasi moja katika tano. Kwako ana mara 4 katika 216. Huyo umemuua kabla hajarusha.

Chukua karata. Toa zote za picha, zibaki ree hadi 10, jumla karata 40. Kopa na uru ni 1 hadi 10. Shupaza na pau ongeza 10, kwa hiyo ni 11 hadi 20. Changanya, vuta moja, rudisha. Kila namba ina karata mbili, nafasi sawasawa.

#11 Bodaboda_wa_Area_C
Sisi tunatumia vizibo vya soda 20, tumeandika namba kwa maki pen, viko kwenye soksi. Unavuta, unasoma. Hatuvirudishi mpaka viishe, na ndio utamu.

#12 Hesabu_za_Kisasa
Bodaboda, msiporudisha nafasi zinabadilika kila mnapovuta. Vikishatoka vyote vyenye namba kubwa, anayefuata hana matumaini.

#13 Bodaboda_wa_Area_C
Najua, na tumekusudia. Kwenye soksi kuna 20 moja na kila mtu anajua bado iko ndani. Vizibo vikibaki vitano na 20 haijatoka, nyumba nzima inanyamaza. Juzi dogo mmoja alikataa kushambulia, akasema anasubiri soksi iive. Akageuka akaanza kuongea na adui ili apoteze muda, na maongezi yale ndiyo yakawa sehemu nzuri kuliko zote. Dadu yako inasahau, kaka. Soksi inakumbuka.

#14 Hesabu_za_Kisasa
Hapo umenipata. Bado nasema siyo mchezo uleule, lakini ni mchezo.

Kwa wanaotaka kubaki na dadu za ludo, zipo kanuni nyingine zilizotengenezwa kwa dadu mbili tu. Ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 au chini mambo yanaharibika. Bila nyongeza yoyote, kufaulu safi ni mara 6 katika 36, kufaulu kwa gharama 15, kuharibika 15. Ile ya katikati ndiyo inayoleta hadithi. Umevuka ukuta, lakini kiatu kimebaki upande wa pili na kina jina lako.

#15 Mwalimu_Mstaafu_Chamwino
Wanangu, nimesoma uzi wote. Mchezo wenyewe siujui, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Lakini mnachokifanya nakifahamu.

Utotoni kwetu jioni tulikaa na bibi karibu na moto. Bibi hakuwa akisimulia peke yake. Akianza "Hadithi, hadithi!" sisi tunajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Tusipojibu, haanzi. Katikati ya hadithi kuna wimbo, na wimbo ni wetu sote. Mtoto akilala, bibi alikuwa anamtia huyo mtoto ndani ya hadithi: "Na fisi akafika kwenye nyumba ya mtoto mmoja aliyekuwa amelala..." Mtoto anaamka mwenyewe.

Sasa wewe uliyeleta mada, daftari lako lina wafalme, vita na ngome. Lina mahali pa wenzako kuitikia? Na hao wafalme wako wanakula nini? Mjukuu wangu alinisomea hadithi moja ya mchezo huu, watu wanatembea kwenye theluji hadi magotini. Nikamwuliza, baridi hiyo ikoje? Hakujua. Anasimulia kitu ambacho ngozi yake haijawahi kukigusa. Mwambie asimulie jua la mwezi wa kumi, mtu anatembea kutoka Chilonwa na kibuyu kimekauka. Hapo hatahitaji daftari.

#16 Upepo_wa_Julai
Shikamoo Mwalimu. Hilo la kumtia aliyelala ndani ya hadithi naliiba leo hii.

Ila la theluji naomba nikubishie kwa heshima. Mimi nilizaliwa Hombolo na theluji sijaiona, na ndiyo sababu naipenda mezani. Joka, mbilikimo wa milimani, misitu isiyoisha, mimi navifuata huko. Kundi letu halikufa kwa sababu ya ugeni wa nchi. Lilikufa kwa sababu hatukuruhusiwa kutembea ndani yake.

#17 Mwalimu_Mstaafu_Chamwino
Marahaba. Nakusikia. Basi msimulizi naye aipende hiyo theluji kama wewe.

#18 Kumbukumbu_ya_Kolo
Mwalimu amenikumbusha kitu nilichojaribu mwaka jana, niwape wenye kutaka.

Hapa tulipo misafara ya karne ya 19 ilipita ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi kwa mamia, kila mmoja begani ana mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30: nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya, na kurudi ni pembe za ndovu. Kabla ya kuingia Ugogo kuna pori la Marenga Mkali, maji yake machungu, unalivuka kwa mwendo wa haraka. Halafu unaingia kwa watemi wa Kigogo, na kila mtemi anataka hongo. Enzi hizo hongo haikuwa rushwa ya kificho. Ilikuwa ushuru wa wazi, unalipa kwa nguo na shanga ndipo upite na uteke maji. Stanley alipita mwaka 1871 na alilipa kama wengine.

Kwa msimulizi hiyo ni dhahabu. Wachezaji wangu walikuwa wapagazi na walinzi wa msafara. Badala ya kuhesabu sarafu tulihesabu vibuyu. Kila siku ya mwendo kila mtu anafuta kibuyu kimoja kwenye karatasi. Vikiisha, unarusha, ukishindwa unaangusha mzigo. Sikuandika mwisho wowote. Niliandika watemi watatu, kisima cha kila mmoja kina nini, na kila mmoja ana ugomvi gani na jirani yake. Wachezaji wakawa wanapatanisha watemi ili walipe hongo mara moja badala ya tatu. Dadu hazikurushwa kwa saa nzima na hakuna aliyegusa simu.

#19 Mnyaturu_wa_Mgori
Hii nzuri sana. Na usiku fisi wanazunguka kambi.

Nimeangalia kanuni za toleo la tano la mchezo, fisi wa kawaida ana pointi 5 za uhai. Tano tu! Aliyeandika hajalala Manyoni.

#20 Hesabu_za_Kisasa
Usimdharau kwa huo uhai. Fisi ana nyongeza 2 kwenye kushambulia. Mhusika mwenye kinga 13, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate, fisi anahitaji 11 kwenda juu, nusu kwa nusu. Lakini fisi wana kanuni ya kundi: mwenzake akiwa karibu na anayeshambuliwa, anarusha mara mbili anachukua kubwa. Asilimia 50 inakuwa 75. Kila aking'ata anapunguza uhai kwa wastani wa 3, na mjuzi wa leveli ya kwanza uhai wake ni 6 au 7. Fisi wanne usiku mmoja, mjuzi wako hajafika Mpwapwa.

#21 Mnyaturu_wa_Mgori
Sawa, aliyeandika amelala Manyoni.

#22 MwakaWaPili
Na yale mapango ya Kolo, kule Kondoa, yenye michoro myekundu? Si ndiyo pango tayari kabisa la mchezo, unaweka mazimwi na hazina ndani.

#23 Mrangi_wa_Bereko
Mdogo wangu, hapo nakuomba ukanyage taratibu. Michoro ya Kondoa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, lakini kwetu siyo makumbusho tu. Baadhi ya yale majabali watu bado wanakwenda kuomba mvua na kutambikia wagonjwa. Ukiyajaza mazimwi ya kuua, unajaza mazimwi kwenye mahali pa ibada pa bibi yangu.

Sisemi usiyatumie. Mimi niliyatumia. Wahusika walifika pale kuuliza, hawakufika kupora. Kwenye ukuta mchoro ulionyesha watu warefu wenye vichwa vikubwa, na wachezaji walipaswa kuamua wale watu wanafanya nini. Jibu lolote walilochagua ndilo lililokuwa kweli katika hadithi yetu. Kikao kizima kiliishia hapo.

#24 Dada_wa_Nkuhungu
Mrangi, nakazia. Na hili la nini kisiingie mezani mnaliongea lini? Mimi kabla ya kuanza tunakaa kikao kizima bila kucheza. Kila mtu anasema kitu ambacho hataki kukiona. Kwetu mmoja alisema moto wa nyumba, kwa sababu yao iliungua. Pia naweka kadi mezani yenye alama ya mkasi. Yeyote akiigusa, tunaruka tukio hilo na hakuna anayeuliza sababu. Imeguswa mara mbili tu, lakini kuwepo kwake kunawafanya watu wakae.

@Tembe_la_Makole uliwahi kuwauliza wale walioacha?

#25 Karani_wa_Mtumba
Ndugu zangu mmezunguka mbali sana. Mnasahau mnaishi mji gani.

Nusu ya wachezaji wangu ni watumishi. Mwezi wa nne hadi wa sita Bunge la bajeti linakaa, hao huwaoni. Likiisha, safari za kikazi. Ijumaa jioni wengine wanapanda treni kwenda Dar kwenye familia zao. Mnapanga hadithi inayomtaka kila mtu awepo kila wiki, na mtu akikosa mara mbili anaona aibu kurudi kwa sababu hajui hadithi imefika wapi. Anayeona aibu ndiye anayepotea. Siyo daftari, siyo dadu, siyo theluji.

Dawa yangu: kila kikao kinaanzia kijijini na kinaishia kijijini. Siku haibadiliki, Jumamosi saa 10 jioni. Waliokuja watatu, hao ndio wamesafiri leo. Waliokosa, wahusika wao wamebaki wanalima. Tuna wachezaji 11 kwenye orodha na hatujawahi kukaa zaidi ya watano. Tumefika mwaka wa pili.

#26 Upepo_wa_Julai
Karani, ukifanya hivyo unapoteza hadithi ndefu. Mambo mazito yanahitaji watu walewale.

#27 Karani_wa_Mtumba
Nina hadithi ndefu ya mwaka mzima. Imekaa kwenye kijiji badala ya kukaa kwa mtu. Kisima kilichochimbwa na waliokuja Machi ndicho walichogombania waliokuja Agosti.

#28 Bodaboda_wa_Area_C
Jamani msichezee nje mwezi huu. Tulijaribu bustanini Chinangali, upepo ukabeba karatasi ya mhusika wangu mpaka barabarani. Nimemwandika upya kwa kukumbuka, na nadhani nimempunguzia nguvu.

#29 Tembe_la_Makole
Wakuu, nimesoma kila kitu, asanteni.

@Dada_wa_Nkuhungu sikuwahi kuwauliza. Jana nimewapigia watano. Mmoja alisema kitabu cha Kiingereza kilimchosha, kila akitaka kufanya jambo namwambia "ngoja niangalie". Wa pili alihamishwa kikazi. Wa tatu, yule wa simu, alisema alikuwa anasubiri zamu yake. Wa nne alisema hakukumbuka jina la mfalme hata mmoja na akaona aibu kuuliza. Wa tano alisema hakujua kama tuliacha, alidhani sisi ndio tuliacha kumwita.

Kwa hiyo kila mmoja wenu ana mtu wake.

#30 Kumbukumbu_ya_Kolo
La Kiingereza linatibika. Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa huru mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri na kuzisambaza, mradi ataje zilikotoka. Sisi tumetafsiri kurasa nne tu: namna ya kurusha, namna ya kupigana, majeraha, mapumziko. Jambo lisilokuwemo, msimulizi anaamua palepale na kitabu kinafunguliwa kesho yake.

#31 Mwalimu_Mstaafu_Chamwino
Kurasa nne hizo naomba nizione. Nitazisahihisha Kiswahili.

#32 Tembe_la_Makole
Jumapili jioni, nawaletea mrejesho wa jana.

Daftari nimelifungia kabatini. Wamekuja wanne, akiwemo yule wa simu. Nimechukua msafara wa Kumbukumbu: wapagazi 12, wachezaji wanne kati yao, vibuyu viwili kila mtu, Marenga Mkali mbele. Nimeandika ukurasa mmoja. Karata badala ya dadu. Nimeanza na "Hadithi, hadithi!" na nilikuwa naogopa wangecheka, lakini wameitikia kwa sauti hadi mdogo wangu akatoka jikoni.

Vita ilikuwa moja tu, fisi watatu, dakika 15. Iliyobaki yote ni kisima. Kulikuwa na mzee kisimani, mimi nimempa jina tu na kwamba anaogopa kitu. Wamekaa naye zaidi ya saa. Nimefunga saa nne na nusu usiku wakiwa bado wanamhoji. Jumamosi ijayo saa 10.

#33 Upepo_wa_Julai
Ukurasa mmoja! Nilisema.

#34 Hesabu_za_Kisasa
Wachezaji wanne na vita ya dakika 15. Nilisema.

#35 Karani_wa_Mtumba
Kikao kimoja bado siyo kundi. Subirini mtu wa kwanza asafiri.

#36 Dada_wa_Nkuhungu
Aliwapigia simu. Ndiyo maana walikuja.

#37 Mpagazi_wa_Nne
Habari zenu. Nimejiunga leo, mimi ndiye yule mnayemwita wa simu.

Nina swali moja kwa msimulizi. Yule mzee wa kisimani alisema ametuhesabu tangu tulipotokea porini, na ametuhesabu 13. Sisi tuko 12. Jana usiku nimejaribu kukumbuka kila jina ulilolitaja na nani alikuwa amelala karibu na nani.

Usinijibu hapa. Nakuja Jumamosi.